Mtoto kaungua, bibi kampaka dawa ya meno: nianzie wapi siku nyingine?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeolewa Pangani na tunaishi nyumba moja na mama mkwe wangu. Shule zikifungwa Desemba, nyumba yetu hujaa. Mawifi zangu walioko Dar es Salaam na Arusha hutuletea watoto wao wote, nami sina kinyongo, maana watoto wanafurahi na bibi yao anafurahi kuliko wao. Ila kaskazi ya safari hii imetuandama.

Lilianza la mtoto wa wifi yangu mdogo, ana miaka minne. Alivuta kitambaa cha meza na bakuli la uji uliokuwa ndio kwanza umeteremshwa jikoni. Ukammwagikia mkono wa kushoto kuanzia kwenye kiwiko kushuka chini. Mimi nilikuwa uani naanua nguo. Nilipofika nikakuta mama mkwe ameshampaka dawa ya meno mkono mzima, na anavunja yai ampake ute juu yake. Nikasema, "Mama, tummwagie maji." Akanijibu kwamba maji yatamtoa malengelenge. Sikubishana naye, ni mama yangu.

Tulipofika zahanati, ile dawa ya meno ilikuwa imekauka. Muuguzi akawa anaikwangua kidogo kidogo, mtoto analia mpaka sauti inakauka. Kisha akauliza kwa sauti, watu wote kwenye benchi wanasikia, "Nani kampaka huyu mtoto hii takataka?" Mama alikuwa amesimama palepale kamshika mtoto miguu. Tangu siku hiyo ananijibu kwa mkato, na nimesikia kwamba anaamini mimi ndiye niliyemchongea kwa muuguzi.

Hilo halijapoa, maji yakapwa wavulana wakaenda mwambani kutafuta pweza. Mmoja akakanyaga yule mdudu mweusi wa miiba mirefu. Wenzake wakamlaza mchangani, mmoja akawa anamgonga unyayo kwa jiwe, mwingine akataka kumkojolea eti ndiyo dawa. Alirudi anachechemea, unyayo una vidoa vyeusi. Sasa anatembea, lakini vidoa vingine bado vipo.

La tatu ni la mkubwa wao, ana miaka kumi na mitatu. Alijikata kidole cha shahada akimenya embe. Jirani akafungua kapsuli, zile za rangi mbili, akamwaga unga wake kwenye kidonda na kukifunga kwa kipande cha kanga. Leo ni siku ya nne, kidole kimevimba na kinamgonga usiku hata halali vizuri.

Shangazi, likizo bado haijaisha. Naomba uniambie jambo la kwanza la kufanya ni lipi, niweke nini ndani, na nitajuaje kwamba hili si la nyumbani tena ni la hospitali. Na zaidi ya yote, nitamwambiaje mama mkwe wangu bila kumvunjia heshima?

Mama wa Nyumba Iliyojaa, Pangani

*

Marahaba mwanangu,

Kabla ya yote, acha kusoma umwite huyo mkubwa. Kidole kilichovimba siku ya nne na kumnyima mtu usingizi kimeingia usaha au kiko njiani kuingia. Mpeleke kituo cha afya leo, usisubiri kesho. Kidole ni mahali pembamba, hakina nafasi ya kuvimbia, na ndani yake kuna kano zinazopita mpaka kwenye kiganja. Uchafu ukishazifikia hupanda upesi, na mtu anaweza kubaki na kidole kisichokunjika maisha yake yote. Ukiona hawezi kukikunja, au kuna mstari uliovimba unaopanda kwenye mkono, au tezi za kwapani zinauma, au ana homa, mwambie mpokeaji wagonjwa mambo hayo hapo mlangoni ili msikae kwenye foleni.

Mkiwa huko, uliza habari ya pepopunda. Chanjo zile tatu za utotoni, za wiki 6, 10 na 14, zina kinga ya pepopunda ndani yake, lakini kinga hiyo hupungua miaka inavyokwenda. Mtoto wa miaka kumi na mitatu mwenye kidonda kichafu anastahili kuulizwa alichanjwa lini mara ya mwisho. Piga simu kwa mama yake akusomee kadi ya kliniki. Kama haipo, sema haipo, wao watajua la kufanya.

Umekwenda? Haya, sasa tukae tuzungumze.

Katika majeraha haya madogo ya likizo, ya kuungua, kukatwa, kuchomwa na kuanguka, kitu cha kwanza si dawa. Naona familia nyingi zinapotea hapo, wala si kwa ujinga. Mtoto akilia, mtu mzima hutaka kuweka kitu. Mkono hauridhiki mpaka umepaka. Ndiyo maana kila nyumba ina chake: dawa ya meno, ute wa yai, unga wa ngano, kahawa, majivu, mafuta ya taa, unga wa kapsuli. Mtoto anachohitaji hasa ni maji, na mtu mzima mwenye subira ya kukaa naye maji hayo yakifanya kazi.

Chukua la uji. Uji ni mbaya kuliko chai, kwa sababu chai inatiririka na kuondoka, uji unang'ang'ania kwenye ngozi na joto lake lote. Hata ukishaufuta, joto lililokwisha kuingia ndani linaendelea kuunguza, kama wali unavyoendelea kuiva baada ya sufuria kuteremshwa. Kazi ya maji ni kulitoa joto hilo. Yawe maji ya kawaida, ya bombani au ya mtungini, na yapite juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Najua watu husema dakika mbili tatu zinatosha, mtoto akinyamaza basi. Hazitoshi. Na kama watu wamechelewa, au wameshapaka vitu, bado maji yana faida hata saa tatu baada ya kuungua. Oshea kwa upole kile kinachotoka chenyewe na uendelee kupoza.

Utaniambia, Shangazi, dakika 20 za bomba kwetu, na siku nyingine bomba halitoi? Chukua ndoo ya lita 20 na kopo. Mimina taratibu, kiasi cha lita moja kwa dakika, ndoo itakufikisha palepale kwenye dakika 20. Weka beseni chini yaangukie humo, yatafaa kwa kudekia. Kama maji ni haba kabisa, tumbukiza mkono kwenye beseni la maji safi, uwe unayabadilisha yakianza kupata uvuguvugu. Barafu usiweke. Ngozi iliyoungua ikibanwa na barafu inaumia mara ya pili. Wakati maji yanapita, mvue bangili na uzi wa mkononi upesi kabla mkono haujavimba. Nguo iliyolowa uji itoe, ila iliyogandamana na ngozi iache hivyo hivyo. Mwili uliobaki ufunike kwa shuka, kwa sababu mtoto mdogo akimwagiwa maji muda mrefu hupata baridi hata kaskazi.

Kuhusu malengelenge, mama mkwe wako hakulitunga neno hilo. Lengelenge hutokea kwa sababu moto umefika chini ya ngozi ya juu, na huchukua muda kujaa, pengine saa kadhaa. Mtu kamwagia maji asubuhi, mchana kaona lengelenge, akaamini maji ndiyo yaliyolileta. Maji hayaleti lengelenge. Yakiwahi, hupunguza kina cha kidonda. Na likishatoka, usilitoboe, maana ile ngozi ya juu ndiyo bandeji bora kuliko zote.

Dawa ya meno inadanganya kwa sababu ina ubaridi wa mnanaa. Mtoto anahisi nafuu kidogo, watu wazima wanasema imefanya kazi. Chini yake joto limefungiwa ndani, na ikikauka inashikana na ngozi mbichi. Umeona mwenyewe ilivyokwanguliwa. Ute wa yai bichi ni afadhali ukaangwe uliwe, kwa sababu yai bichi hubeba vijidudu na ngozi iliyoungua haina ukuta wa kuvizuia. Asali siwezi kuisema vibaya, kuna vidonda ambavyo hospitali huvitibu kwa asali iliyosafishwa kwa kazi hiyo, lakini si ya mtungi wa jikoni na si ya dakika ya kwanza.

Ukishamaliza kupoza, funika kwa kitambaa safi kisicho na manyoya. Kanga nyembamba iliyofuliwa, ikakaushwa juani na kupigwa pasi inafaa sana. Usikaze. Mpe parasetamo kwa kipimo cha uzito wake kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Aspirini mtoto hapewi.

Lipi la hospitali? Kwa kuungua mimi huwaambia watu watumie kiganja cha mtoto mwenyewe, pamoja na vidole vyake, ambacho ni karibu sehemu moja kati ya mia ya ngozi ya mwili wake. Jeraha likizidi hapo, nenda. Likiwa dogo namna gani, ila liko usoni, kiganjani, unyayoni, sehemu za siri au kwenye kiungo kama kiwiko au goti, nenda. Umeme au kemikali, nenda. Mtoto mchanga, nenda. Na ukikuta mahali peupe au peusi pasipouma kabisa, usifurahi kwamba hapaumi. Hapo moto umekula hadi mishipa ya fahamu, nenda mbio.

Huyo wako wa miaka minne aliungua kwenye kiwiko, kwa hiyo mlifanya vyema kwenda. Usikose hata siku moja ya kwenda kubadilisha bandeji. Muulize muuguzi akuonyeshe namna ya kumkunjua na kumkunja mkono kila siku. Watoto huuweka mkono ulioungua umekunjwa kwa sababu ndivyo unavyouma kidogo, kisha kovu linapona hivyo hivyo na mkono haunyooki tena. Hili linanisumbua kuliko lengelenge lolote. Mchezeshe. Mpe kitu akifikie juu.

Sasa kile kidole, tangu kilipokatwa. Damu ikitoka kwa wingi, kazi ni moja: kitambaa safi, kidole juu kuliko moyo, kandamiza kwa nguvu dakika 10 ukiangalia saa. Kwa saa, si kwa kukisia, kwa sababu kila mtu huachia dakika ya pili aangalie kama imekata, na akiangalia ile damu iliyoanza kuganda inafunguka. Kitambaa kikilowa ongeza kingine juu yake, usikibandue. Damu ikishakata, osha. Maji yanayotiririka, sabuni kwenye ngozi ya pembeni, dakika chache mpaka mchanga na utomvu wa embe vimetoka. Maji ya bomba yanayonyweka yanatosha. Kama mnatumia ya kisima, yachemshe yapoe kwanza. Kausha pembeni, bandika plasta, badilisha kila siku au ikilowa. Spiriti usimimine ndani ya kidonda, inaua vijidudu na inaua pia nyama changa inayojaribu kuziba.

Unga wa kapsuli ni ugonjwa wa pwani na bara. Dawa ile ilitengenezwa imezwe, ipite tumboni, ifike kwenye damu kwa kipimo. Ukiimwaga kidondani inaganda na damu, inafanya gamba, na chini ya gamba uchafu unastarehe. Watu wengine ngozi yao huikataa na kuvimba. Tena kila dawa ya vijidudu inapotumiwa ovyo, vijidudu vinavyobaki ni vile visivyoisikia, na siku mtoto atakapoihitaji kwa nimonia haitafanya kazi. Jirani yako alikuwa na nia njema, mwambie hivyo, lakini mwambie.

Kidonda kinachopanuka chenyewe kama mdomo, au kinachoonyesha mafuta ya chini ya ngozi, kinahitaji kushonwa, na ni vizuri kishonwe siku hiyohiyo. Kidole kikifa ganzi au kisipokunjika baada ya kukatwa, hospitali. Kitu kilichochoma na kubaki ndani, kipande cha chupa au mti, usikichomoe ikiwa kimezama. Zungushia vitambaa kisicheze, peleka hivyo hivyo. Na msumari uliochoma unyayo usiudharau kwa sababu tundu ni dogo na damu haikutoka. Vijidudu vya pepopunda vinakaa kwenye udongo na mavi ya wanyama, na vinapenda mahali penye kina pasipofikiwa na hewa. Tundu la msumari ndilo hilo.

Tuje mwambani. Miiba ya yule mdudu ni ya chokaa, migumu lakini inavunjika upesi, na ndiyo maana kugonga kwa jiwe ni kosa. Mwiba mmoja uliozama mzima unakuwa vipande vitatu vilivyotawanyika. Mkojo hauna kazi hapo, waambie wavulana hivyo bila kucheka, watakuelewa. Kinachosaidia ni maji ya moto, yaani moto wa kuvumilika, nyuzi 40 hadi 45. Usitumie mguu wenye maumivu kupimia joto, kwa sababu hausemi kweli. Pima kwa kiwiko chako mwenyewe. Loweka nusu saa mpaka saa moja na nusu, ukiongeza maji ya moto pembeni mguu ukiwa nje. Kisha inayoonekana kichwa itoe kwa kibano, ukivuta kwa mwelekeo ulioingilia. Iliyovunjikia juu juu, kitambaa chenye siki husaidia kwa sababu siki hulainisha chokaa. Pwani yetu wengi hupaka utomvu wa papai bichi. Sitagombana nao kwa mwiba wa juu juu, ila utomvu huo unaunguza ngozi, usiwekwe kwenye kidonda kilicho wazi wala mahali ambapo mtoto atajishika kisha ajipikiche macho.

Usichimbe kwa sindano kutafuta ya ndani. Vidoa vyeusi alivyobaki navyo, vingine huwa ni rangi tu iliyoachwa na mwiba na hufutika vyenyewe. Kama mahali panapouma ni karibu na kifundo cha kidole, au uvimbe haushuki, au wiki zikipita pakatokea kijinundu kigumu, daktari apaone. Maji hayohayo ya moto ndiyo ya kwanza kwa aliyechomwa na samaki aitwaye taa, kwa sababu sumu yake huharibiwa na joto, lakini taa si wa nyumbani: loweka huku mnatafuta usafiri, maana ule mwiba una meno na huacha vipande. Konyeza, yule wa baharini mwenye mwili kama jeli, ni tofauti. Osha kwa maji ya bahari, usisugue kwa mchanga, nyuzi zake zitoe kwa kibano, kisha maji ya moto ya kuvumilika. Maji baridi ya bombani yakiwahi kumwagwa pale, vifuko vya sumu vilivyobaki kwenye ngozi huweza kupasuka.

Wanunulie yeboyebo za kufunga nyuma, kandambili zinabaki kwenye tope. Na wafundishe kuburura miguu kwenye mchanga wa maji mafupi badala ya kuinua na kukanyaga. Taa akihisi mtikisiko huondoka mwenyewe.

Hukuniambia kama ameshaanguka mtu mwembeni. Msimu wa maembe ndio huu, basi nilitaje. Nundu ya kichwa hupozwa kwa kitambaa cha maji baridi, hakuna haja ya kuikanda. Jambo ni kumwangalia siku mbili. Akitapika zaidi ya mara moja, akisinzia isivyo kawaida na hana uamko, akiongea ovyo, akipata degedege, maji meupe au damu vikitoka sikioni au puani, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na hata kama mwenyewe anasema hajambo. Kulala anaweza kulala, ila muamshe uone kama anakujua. Kifundo kikiteguka, zuia mkono wa wachuaji siku mbili tatu za mwanzo. Kukanda kwa maji moto na chumvi siku ileile huongeza damu kuvujia ndani na mguu unavimba maradufu. Pumziko, kitu cha baridi kilichofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 mara kadhaa kwa siku, bandeji isiyokaza sana, mguu juu ya mto. Asiyeweza kuukanyagia kabisa, au ukiona umepinda, apigwe picha. Damu ya pua: ainame mbele, si kuinua kichwa, abanwe ile sehemu laini ya pua dakika 10 hadi 15 akipumua kwa mdomo. Nyuki: toa mwiba upesi kwa ukucha, osha, poza, midomo ikivimba au akikoroma kwa kukosa pumzi, kimbieni. Nyoka hana tiba ya nyumbani. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba, msibandike jiwe. Mlazeni kiungo kisicheze, mpelekeni.

Kama kati ya hao wajukuu yuko mwenye ualbino, jua ni jeraha kwake hata kabla ya saa nne. Kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, na michezo ya ufukweni ihamie jioni. Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, wanatengeneza mafuta ya kukinga jua ya Kilisun kwa ajili yao hasa. Muulize mganga wa wilaya au chama cha watu wenye ualbino namna ya kuyapata. Kwa wengine wote, mtoto aliyelegea, anayeumwa kichwa na kichefuchefu baada ya kucheza mpira juani, mtie kivulini, mvue shati, mloweshe na kumpepea, mpe maji ya kunywa kidogo kidogo au ORS. Akianza kuchanganyikiwa au mwili ukiwa wa moto sana, mpozeni kwa maji huku mkienda hospitali.

Umeuliza uweke nini. Tafuta mkebe mmoja wenye mfuniko, uning'inizwe mahali watoto hawafiki na watu wazima wote wanapajua. Humo: plasta, shashi ya kidonda ya paketi, bandeji mbili za kuzungusha, glavu, mkasi usiotumika kwa kitu kingine, kibano, pini, kipande cha sabuni, ORS, parasetamo ya watoto na kipima joto. Weka na karatasi yenye namba ya simu ya zahanati, ya dereva wa bajaji anayepokea usiku, na ya kila mzazi aliyekuachia mtoto. Kadi za kliniki, waombe mawifi wazipige picha wakutumie kabla hata mabegi hayajafunguliwa. Kanga ile ya kupigwa pasi ikunje iwe humohumo. Dawa nyingine zote ulizonazo kabatini, za kupaka na za kumwagia, hazina nafasi kwenye mkebe huo.

Sasa mama.

Muuguzi alikuwa na haki juu ya dawa ya meno, hakuwa na haki ya kusema vile mbele ya watu. Nalisema kwa uzito kwa sababu nimeona matokeo yake. Bibi aliyeaibishwa kwenye benchi la zahanati, safari ijayo atamficha mtoto nyumbani siku mbili aone kama itapona, na anayeumia ni mtoto. Kwa hiyo usianze kwa kumweleza mama sayansi ya maji. Anza na aibu yake. Mfuate akiwa peke yake, labda anapochambua mchele, umwambie, "Mama, siku ile zahanati yale maneno yaliniuma. Mimi sikumwambia yule muuguzi kitu, na wewe ndiye uliyemfikia mtoto wa kwanza." Yote ni kweli. Mwache aseme lake, hata likiwa kali. Usimtume mumeo akusemee kabla hujasema wewe.

Halafu ndipo umwambie lile la maji, tena kwa njia yake mwenyewe. Yeye alitaka kumpoza mtoto. Wazo lake lilikuwa sahihi, alikosea alichoshika tu. Mwambie ubaridi ndio dawa yenyewe, ila uwe wa maji, na uchukue dakika 20. Na hapo umpe kazi, kwa sababu kazi ipo na hakuna anayeiweza kama yeye. Umewahi kumshika mtoto wa miaka minne anayelia chini ya maji kwa dakika 20? Mtu mmoja hawezi. Mmoja anamimina, mwingine anampakata, anamwimbia, anamsimulia habari za sungura na fisi mpaka muda utimie, na anaangalia saa asiruhusu mtu kukatisha dakika ya tano. Mwombe awe ndiye mwenye saa. Watoto wanamsikiliza yeye kuliko wewe, na wavulana wa mwambani wakipigwa marufuku mawe na mkojo na bibi yao, watatii.

Wifi yako naye atakuwa anapiga simu kuulizia mkono wa mwanawe. Safari hii simu ikilia, mpe mama apokee, amweleze binti yake kidonda kinaendeleaje na siku ya kubadilisha bandeji ni lini. Ukienda siku hiyo, nenda naye.

Shangazi